Mashini ya umeme kwa kine: nani inamusaidia, nani analipa bure

Mguu usioinuka tena kisha AVC. Mkono ulioanguka kisha ajali ya pikipiki ao risasi. Mtoto aliyepigwa sindano kwenye tako na tangu siku ile anaburuta mguu. Familia nyingi za Butembo na Beni zinajua shida hizi, na mara nyingi kuna mtu mumoja wa familia, kaka ao mjomba aliyeona kwenye simu, ambaye anauliza: hakuna mashini ya umeme yenye inaweza kuamsha hii misuli?

Mashini hiyo iko, na si uongo wa soko. Lakini haisaidii kila mgonjwa. Jambo lenye kuamua ni moja: je, neva yenye kubeba amri mpaka kwenye msuli iko hai, ao imekatika? Familia yenye kujua jibu la swali hilo mbele ya kutoa pesa inaepuka hasara mbili, ya mfuko na ya wakati. Na kwa ugonjwa wa neva, hasara ya wakati ndiyo mbaya zaidi.

Mashini inafanya nini

Kinezitherapi, ambayo watu wanaita tu kine, ni matunzo ya kurudisha nguvu na mwendo wa mwili kwa mazoezi, kunyoosha viungo, kukanda, kufundisha tena kutembea. Mashini ya umeme ni chombo kimoja tu kati ya vyombo vya kine. Ni kisanduku ambacho mara nyingi kinaingia mfukoni, chenye waya mbili ao nne, na kwenye mwisho wa kila waya kuna kipande cha kubandika juu ya ngozi, kinachoitwa elektrodi.

Kisanduku kinatuma umeme kidogo sana, na hakitume kwa kufuatana bali kwa vipigo. Kwa kawaida ni vipigo 20 mpaka 50 kwa sekunde moja, na kila kipigo kinadumu chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mgonjwa anasikia kwanza kama sisimizi wanatembea kwenye ngozi. Kisha, wakati wanapandisha nguvu pole pole, msuli unajikaza wenyewe na mguu ao vidole vinainuka. Kisha sekunde chache mashini inanyamaza ili msuli upumuzike, sababu msuli wenye kukazwa na umeme unachoka haraka kuliko ule wenye kukazwa na mwenyewe. Mwanzoni wanaweza kuweka sekunde 10 za kazi na sekunde 30 za pumuziko. Kikao kimoja kinachukua karibu dakika 20 ao 30.

Watu wengi wanafikiri umeme unapiga msuli moja kwa moja. Hapana. Mashini ndogo inasemesha neva, ule mshipa wa fahamu wenye kutoka kwenye uti wa mgongo, na ni neva ndiyo inaambia msuli ujikaze. Neva ikiwa imekufa ao imekatika, mashini inapiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Msuli peke yake unaweza kujibu, ndiyo, lakini unaomba kipigo kirefu mara makumi ao mara mamia kuliko kile kinachotoka kwenye mashini za mfukoni. Kwa hiyo inahitaji mashini ya namna ingine, na hata kwa hiyo waganga hawajapatana kama faida ni kubwa.

Tena kuna herufi za kuangalia kwenye kisanduku. TENS ni mashini ya kutuliza maumivu: inasisimua ngozi na neva za kusikia, haina kazi ya kurudisha nguvu. EMS ao NMES ndiyo ya kukaza misuli. Visanduku vingine vinafanya zote mbili, kwa kubadilisha programu. Mgonjwa aliyepooza ambaye kila siku anawekewa programu ya TENS anaweza kutoka na maumivu kidogo, lakini mguu utabaki vile vile.

Si jambo la jana

Umeme na mwili wa mwanadamu vinajuana tangu zamani. Karibu na mwaka wa 47, Scribonius Largus, munganga wa Roma, aliandika juu ya kutuliza maumivu ya kichwa na ya miguu kwa kutumia samaki ya baharini yenye kupiga umeme. Mto Kongo nao uko na samaki wake wa namna hiyo, ambaye wasemaji wa Lingala wanamwita nina. Mvuvi aliyemushika kwa mkono mara moja harudilie. Kule Ufaransa, Duchenne, aliyezaliwa Boulogne-sur-Mer, alitoa mwaka wa 1855 kitabu kikubwa juu ya kusisimua msuli mumoja mumoja kwa umeme, na ndiyo njia aliyotumia kujua kila msuli unafanya kazi gani. Kisha mwaka wa 1961, Marekani, Liberson na wenzake walionyesha mashini ya kuinua mguu wa mtu aliyepooza upande: kidude ndani ya kiatu kilijua wakati kisigino kinaacha udongo, na hapo hapo umeme ulipita na kuinua nyayo. Mashini za leo zimekuwa ndogo, lakini wazo ni lile lile.

Kisha AVC: hapa mashini iko na kazi

AVC inaharibu ubongo, haiharibu neva ya mguu wala msuli. Amri ndiyo haitoki tena vizuri kule juu. Ni kama mkubwa wa kazi ameanguka mgonjwa, lakini wafanyakazi wote wako, vyombo viko. Ndiyo maana umeme unapata nani wa kusemesha. Elektrodi moja inawekwa chini kidogo ya goti, upande wa inje, karibu na kile kifupa chenye kujitokeza, pahali neva inapita karibu na ngozi. Ingine inawekwa chini yake, mbele ya muundi. Umeme ukipita, nyayo inainuka.

Kwa mguu usioinuka kisha AVC, ushuhuda wa kisayansi ni mzuri kiasi. Mwaka wa 2009 NICE, taasisi yenye kushauri hospitali za serikali ya Uingereza, ilikubali kwamba njia hii iko na usalama na faida za kutosha ili itumiwe. Inasaidia pia kwa bega lenye kushuka, ile hali ambapo mkono uliopooza unakuwa muzito na mfupa unateremka kwenye kiungo chake. Faida inaonekana zaidi wakati wanaanza mapema. Kwa bega hilo hilo, jambo lenye kuharibu sana ni familia yenyewe kumuinua mgonjwa kwa kumuvuta mkono uliopooza. Hakuna mashini yenye kurekebisha mavuto ya kila asubuhi.

Lakini hapa pia kuna sharti. Mgonjwa anapaswa kujaribu kuinua mguu kwa wakati ule ule umeme unapita. Ubongo unajifunza kwa kujaribu, na mashini inasaidia jaribio, haifanye kazi kwa nafasi ya mtu. Mgonjwa mwenye kulala na kuangalia televizyo wakati mguu unaruka peke yake anapata faida ndogo sana. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mavuno mengi, hata kama maendeleo yanaweza kuendelea kisha hapo. Na kama tansio haipimwi wala dawa zake hazimezwi, AVC ya pili inaweza kufuta yote.

Mkono ulioanguka: hapa wakati unahesabiwa

Mtu akianguka na pikipiki kwenye barabara ya Butembo–Beni na mfupa wa juu ya kiwiko ukavunjika, neva yenye kuzunguka mfupa huo inaweza kubanwa ao kuvutwa. Ishara inajulikana: kiganja kinaning'inia, mtu hawezi kukiinua wala kunyoosha vidole. Kama ngozi haikupasuka, mara nyingi neva haijakatika, na wagonjwa wengi wanarudia hali yao ndani ya miezi michache, na mashini ao bila mashini. Hapo ndipo mashini inapata sifa ya bure: neva imejiponya, na watu wanasema ni umeme.

Jeraha la panga ao la risasi ni habari ingine. Na tangu mauaji yaliyoanza huko Beni mwezi wa kumi 2014, majeraha ya namna hiyo si machache. Neva iliyokatwa wazi na panga inaomba kushonwa na munganga wa upasuaji, na ni vizuri iwe ndani ya siku za kwanza. Haijiungi yenyewe, na hakuna umeme wenye kuiunganisha. Mgonjwa wa namna hiyo mwenye kupitisha miezi sita kwa vikao vya mashini amepoteza miezi sita.

Sababu ya haraka ni hesabu. Neva iliyoshonwa ao iliyobanwa inamea tena karibu milimita moja kwa siku, ni kusema sentimita tatu kwa mwezi. Kutoka katikati ya mkono wa juu mpaka kwenye misuli ya kuinua kiganja, tuseme sentimita 15, ni miezi mitano. Lakini msuli uliobaki bila neva unakonda na kugeuka, na kisha mwaka moja ao mwaka moja na nusu hauwezi tena kupokea neva vizuri. Neva na msuli wako kwenye mashindano, na mwenye kuchelewa kuanza anashindwa. Kule Kanada wachunguzi walijaribu kupitisha umeme saa moja hivi, mara moja tu, juu ya neva iliyofanyiwa upasuaji, na waliona inasaidia neva kuanza kumea. Ile ni kazi ya chumba cha upasuaji, haifanane na kubandika elektrodi nyumbani.

Wakati wa kungojea, kazi ya kine haina ajabu: kunyoosha vidole na kiganja kwa mkono mwingine mara nyingi kwa siku, ili viungo visikauke, na kuvaa atele, ule ubao wenye kushikilia kiganja juu. Atele ya plastiki ao ya mbao ni bei ndogo. Neva ikirudi na kukuta viungo vimekauka, imerudi bure. Mashini inaweza kuingia mwisho, wakati dalili ya kwanza imeonekana, yaani wakati kiganja kinaanza kutikisika kidogo, ili kuongeza nguvu.

Sindano kwenye tako

Neva kubwa kuliko zote za mwili inapita ndani ya tako. Sindano iliyopigwa vibaya, na zaidi ile ya kinini kwa mtoto mwenye kukonda, inaweza kuichoma. Mtoto analia sana, na siku ile ile ao kesho yake nyayo inaanguka. Tangu 2011 OMS inashauri artesunate kwa nafasi ya kinini kwa watoto wenye malaria kali, na kwa mtoto mudogo pahali pa kupiga sindano ya msuli ni paja, mbele na pembeni, si tako. Mzazi anaweza kuomba hivyo kwa heshima, bila kugombana na muuguzi.

Mbele ya kuwaza mashini, kuna jambo moja lisilongoja. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu ao mkono umelegea gafula anapaswa kutangazwa kwa kituo cha afya ao kwa reko wa mtaa, ili eneo la afya lipime kama si polio. Wanachukua choo mara mbili, kwa siku mbalimbali, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanza. Hata kama familia iko na hakika kwamba ni sindano, kipimo kinafanywa. Virusi vya polio vingali vinazunguka Kongo, na mtoto mumoja aliyefichwa nyumbani ni hatari kwa mtaa muzima.

Kwa mguu wa sindano, hesabu ya milimita moja inakuwa kali: kutoka tako mpaka misuli ya muundi ni njia ndefu. Bahati ya mtoto ni kwamba mguu wake ni mufupi. Watoto wengi wanapona kwa sehemu. Umeme unaweza kumuonyesha kine kama neva ingali na uzima, kwa maana msuli ukijibu mashini ya kawaida, kuna njia iliyobaki wazi. Hiyo pekee ni habari yenye faida kubwa.

Mtoto aliyechelewa kulia

Kuna watoto ambao ubongo wao uliumia wakati wa kuzaliwa ao kisha manjano kali ya siku za kwanza. Misuli yao, kwa kawaida, haikulegea, imekakamaa. Miguu inapishana kama mikasi, ngumi zinabana. Hapa faida ya mashini ni ya kati kati, na wachunguzi hawasemi neno moja. Tena mtoto wa miaka miwili hawezi kueleza kama inamuchoma. Kine akitumia, anaweka kwenye msuli ulio dhaifu, ule wenye kupingana na wenye kukakamaa, kwa nguvu ndogo, katika mchezo. Kilicho na faida ya hakika ni mambo ya kila siku: kumukalisha vizuri kwenye kiti kilichotengenezwa na seremala kwa kipimo chake, kumugeuza, kumunyoosha wakati wa kumuogesha, kumupa sababu ya kunyoosha mkono. Mama mwenye kufundishwa hayo anafanya vikao mia kwa mwaka bila kulipa safari.

Zile za soko

Wafanya biashara wa Butembo wanafika Dubai na Guangzhou, na kila kitu chenye kuuzwa kule kinafika huku. Mashini ndogo za EMS ziko kati ya vitu hivyo, pamoja na mikaba ya kupunguza tumbo na vitambaa vya kukandia nyayo. Uzuri wa mashini ndogo ni kwamba inatumia betri. Haingojee umeme wa Virunga wala jenereta, na inaweza kufika Oicha ao Lubero ndani ya kifuko. Ubaya ni kwamba katoni yake inaahidi kila kitu.

Gharama yenye kufichika ni elektrodi. Zile za kubandika zinachoka kisha mara 20 ao 30 hivi, zinaacha kushika, umeme unakusanyika pahali padogo na ngozi inaungua. Elektrodi za kaucuu zenye kuwekwa pamoja na jeli ao sponji yenye maji, zikifungwa na bande, zinadumu sana na ndizo zinafaa zaidi huku. Mashini yenye kuchajiwa isitumiwe hata siku moja ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa nyumba. Na mtu yeyote mwenye kuunganisha waya kwa betri ya gari ao chaja ya simu ili “kuamsha” mguu wa mgonjwa anaweza kumuua.

Wako watu ambao mashini haiwafae. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asiwekewe. Mwanamke mwenye mimba asiwekewe kwenye tumbo wala mgongo wa chini. Isiwekwe mbele ya shingo, wala kupitisha umeme kifuani, wala juu ya kidonda, ya kansa, ao ya mguu uliovimba kwa damu iliyoganda. Mwenye kifafa, ao mwenye chuma cha upasuaji ao kipande cha risasi mwilini, amuambie kine mbele ya kuanza. Mwenye kupoteza usikivu wa ngozi, kwa kisukari ao kwa neva iliyokatika, hatasikia akiungua. Ngozi yake inaangaliwa mbele na kisha kila kikao. Wekundu wenye kuisha ndani ya saa moja si shida. Malengelenge ni shida.

Pahali pa kupita

Njia ya kawaida inaanza kwenye kituo cha afya, kisha hospitali kubwa ya eneo: Beni, Oicha, Katwa, Kitatumba, na kwa Butembo pia Matanda. Muombe munganga aandike kwenye karatasi kama neva imekatika, imebanwa, ao kama shida inatoka ubongoni, na muende na karatasi hiyo kwa kine. Kule Goma, kituo cha Shirika la Umoja kinajulikana tangu miaka mingi kwa miguu ya bandia na matunzo ya walemavu, lakini tangu M23 ilishika Goma mwezi wa kwanza 2025 safari hiyo imekuwa ngumu kwa mgonjwa wa Grand Nord. Wengine wanapita Kasindi na kuingia Uganda, ambako hospitali ya CoRSU, Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, inafanya upasuaji na kine pamoja, na Katalemwa, karibu na Kampala, inapokea watoto.

Mbele ya kupanga safari ao kulipia vikao, familia iulize kine maswali matatu. Msuli unajibu mashini, ndiyo ao hapana? Tutapima nini kuona maendeleo: mguu unainuka sentimita ngapi, mgonjwa anatembea mita ngapi kwa dakika? Na kisha juma ngapi tutaacha kama hakuna kilichobadilika? Juma nne ao sita za kazi ya kila siku zinatosha kuona kama kitu kinatembea. Kama hakuna, pesa ya vikao vilivyobaki inunue atele, ao tiketi ya kwenda kuonana na munganga wa upasuaji.